Albert Luthuli: Chifu Aliyevuliwa Cheo Akabaki Kuwa Chifu

Utangulizi

Katikati ya jiji la Nairobi kuna barabara ambayo ni vigumu kumpata mwanafunzi asiyeifahamu. Atakaye redio, televisheni, spika au kifaa kingine cha umeme aghalabu huelekezwa Luthuli. Jina hilo hutajwa kutwa kucha na wachuuzi, wapita njia na abiria, ilhali ni wachache wanaosita kujiuliza mwenye jina alikuwa nani. Albert John Luthuli hakuwa Mkenya. Alikuwa Mzulu wa Afrika Kusini, mwalimu, mhubiri, mkulima wa miwa na chifu wa kijiji, ambaye kuanzia mwaka wa 1952 hadi kifo chake mwaka wa 1967 alikuwa rais wa chama cha African National Congress (ANC).

Wahenga walisema kwamba cheo ni dhamana. Maisha ya Luthuli yanaweza kusomwa kama ufafanuzi mrefu wa methali hiyo. Serikali ilimpa uchifu ikamwekea masharti, na alipoyakataa masharti ikamvua uchifu huo. Hata hivyo, watu waliendelea kumwita Chifu hadi alipoingia kaburini. Namna alivyoupoteza wadhifa na kubaki na heshima ndiyo inayoeleza nguvu ya mapambano yake dhidi ya ubaguzi wa rangi, mapambano aliyotaka yaendeshwe bila kumwaga damu.

Kuzaliwa na Malezi

Luthuli alizaliwa takriban mwaka wa 1898 katika misheni ya Solusi karibu na Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Babake, John Bunyan Luthuli, alikuwa ametoka Natal na akawa mkalimani wa wamishenari wa Kanisa la Waadventista wa Sabato. Mzee huyo alifariki mtoto akiwa bado mchanga. Jina ambalo Luthuli mwenyewe alilipenda zaidi ni Mvumbi, lenye maana ya mvua ya mfululizo katika lugha ya Kizulu. Mzungumzaji wa Kiswahili alisikiapo jina hilo hukumbuka vumbi, kitu ambacho mvua ya aina hiyo ndiyo hukituliza.

Akiwa angali mvulana alirejeshwa Natal, katika kijiji cha Groutville karibu na mji wa Stanger, ambako ukoo wake ulikuwa umekita mizizi tangu enzi za babu yake. Ami yake, Martin Luthuli, alikuwa chifu wa jamii ya Wakristo wa kijiji hicho, na ni katika boma lake kijana alipoanza kuona jinsi mashauri yanavyosikizwa na ugomvi unavyoamuliwa. Mamake, Mtonya Gumede, alilima mboga na kufua nguo za familia za Wazungu mjini Stanger ili apate karo ya mwanawe. Kijana hakuisahau mikono hiyo. Alipohitimu ualimu na baadaye akapewa nafasi ya kwenda kusoma katika Chuo cha Fort Hare kwa msaada wa masomo, aliikataa ili apate mshahara wa kumtunza mama yake aliyekuwa akizeeka.

Mwalimu wa Lugha na Muziki

Mnamo mwaka wa 1920 Luthuli alikwenda Chuo cha Adams, kusini mwa Durban, kwa masomo ya juu ya ualimu. Baada ya kuhitimu alibakizwa hapo kama mwalimu, akafundisha hadi mwishoni mwa mwaka wa 1935. Miongoni mwa masomo aliyoyafundisha ni historia ya Wazulu, muziki na fasihi. Aidha, alishiriki katika kuanzisha chama cha kuendeleza lugha na utamaduni wa Kizulu chini ya mwavuli wa chama cha walimu Waafrika, chama ambacho alikuwa katibu wake mwaka wa 1928 na rais wake mwaka wa 1933.

Jambo hili lastahili kutiliwa maanani na kila anayeshughulikia lugha ya Kiafrika. Kabla ya kuongoza watu barabarani, Luthuli aliwaongoza katika kuithamini lugha yao. Hata hivyo, hakuutumia Uzulu kuwa ukuta wa kuwatenga wengine. Kwake, mtu aliyejua thamani ya kwao hakuwa na haja ya kudharau kwa mwenzake. Msimamo huo ndio uliomwezesha baadaye kushirikiana na Wahindi, Machotara na Wazungu waliopinga ubaguzi.

Mwaka wa 1927 alimwoa Nokukhanya Bhengu, mwalimu mwenzake, wakajaliwa watoto saba. Nokukhanya aliishi Groutville akilima na kulea, na kwa miaka mingi jembe lake ndilo lililoitegemeza nyumba ambayo mume alikuwa ama safarini, ama mahakamani, ama kizuizini.

Uchifu wa Groutville

Uchifu wa Groutville haukuwa wa kurithi. Wanakijiji walimchagua chifu wao na serikali ikamwidhinisha. Wazee walimwendea Luthuli wakimwomba arudi nyumbani, naye alichukua takriban miaka miwili kufikiri. Mshahara wa chifu ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na wa mwalimu. Hatimaye alikubali, akaanza kazi mapema mwaka wa 1936.

Kwa miaka kumi na saba alisikiliza kesi za mipaka, mahari, mifugo na madeni. Aliwaruhusu wanawake kushiriki katika mabaraza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Aliwaunganisha wakulima wadogo wa miwa ili wawe na sauti moja mbele ya wenye viwanda vya sukari. Lakini kadiri alivyozidi kuamua kesi ndivyo alivyozidi kung'amua kwamba nyingi zilikuwa na chimbuko moja, nalo ni uhaba wa ardhi. Sheria za ardhi za mwaka wa 1913 na 1936 ziliwatengea Waafrika, waliokuwa wengi wa wananchi, takriban asilimia 13 tu ya nchi yao. Ndugu waligombania vipande vya ardhi visivyoweza kuwalisha. Chifu angeweza kuwapatanisha leo, na kesho wangerudi na ugomvi ule ule. Hapo ndipo Luthuli alipotambua kwamba haki ya kijijini haingepatikana pasipo haki ya nchi nzima.

Safari mbili zilimpanulia upeo. Mwaka wa 1938 alihudhuria mkutano wa wamishenari wa kimataifa huko Tambaram, karibu na Madras, India, na mwaka wa 1948 alizuru Marekani akihutubu makanisani. Mwaka huo huo wa 1948, chama cha Makaburu cha National Party kilishinda uchaguzi uliopigwa na Wazungu na kuanza kuusuka ubaguzi uliokuwapo kuwa mfumo kamili wa sheria. Luthuli, aliyekuwa amejiunga na ANC miaka michache kabla ya hapo, alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho katika jimbo la Natal mwaka wa 1951.

Uamuzi wa Mwaka wa 1952

Tarehe 26 Juni 1952, ANC pamoja na chama cha Wahindi wa Afrika Kusini vilianzisha kampeni ya kukaidi sheria za kibaguzi. Utaratibu wake ulikuwa wazi. Watu waliojitolea waliingia vituo vya reli kupitia milango ya Wazungu, wakatembea usiku bila vibali, wakakaa mahali walipokatazwa kukaa. Hawakujificha wala hawakukimbia. Polisi walipofika walijitoa wakamatwe, na mahakamani walichagua kifungo badala ya faini, kwa nia ya kuyajaza magereza hadi sheria zenyewe zishindwe kutekelezeka. Zaidi ya watu 8,000 walikamatwa katika kipindi cha miezi michache.

Serikali ilimwita Luthuli Pretoria na kumweka kwenye njia panda. Chifu, kwa maoni ya serikali, alikuwa mtumishi wake, na mtumishi hawezi kuwahimiza watu wavunje sheria za bwana wake. Alitakiwa ajiuzulu ANC au aache uchifu. Luthuli alirudi nyumbani, akatafakari, kisha akajibu kwamba hangeacha chochote kati ya viwili hivyo. Kwa mtazamo wake, chifu kwanza ni mtumishi wa watu, na kuwatetea dhidi ya sheria dhalimu ni sehemu ya kazi waliyomchagulia. Mnamo Novemba 1952 alifutwa kazi.

Katika taarifa aliyoitoa kwa umma baada ya hapo, alieleza kwamba kwa miaka thelathini alikuwa amebisha hodi kwa subira na kwa adabu kwenye mlango uliofungwa, na kwamba matunda ya subira hiyo yalikuwa sheria kali zaidi. Kwa hivyo aliikubali njia ya upinzani usio wa mabavu, akijua kwamba ingeweza kumletea dhihaka, kifungo, viboko, kufukuzwa na hata mauti. Mwezi uliofuata, Desemba 1952, wajumbe wa ANC walimchagua kuwa rais wa chama kitaifa, na kijana Nelson Mandela akawa naibu wake. Serikali ilikuwa imemwondoa katika uongozi wa kijiji kimoja. Wananchi wakamkabidhi uongozi wa harakati za nchi nzima.

Kiongozi Aliyefungiwa Kijijini

Kuanzia mwaka wa 1953 Luthuli aliwekewa amri za marufuku, moja baada ya nyingine. Alikatazwa kuhutubia mikutano na kuingia miji mikubwa. Mwaka wa 1954 alisafiri kwa ndege hadi Johannesburg ili kupinga kuhamishwa kwa wakazi wa Sophiatown, lakini polisi walimkabidhi amri mpya pale pale uwanjani, iliyomfungia katika wilaya yake kwa miaka miwili. Kongamano la Watu lilipokusanyika Kliptown mwezi wa Juni 1955 kuupitisha Mkataba wa Uhuru, rais wa ANC hakuweza kuwapo.

Desemba 1956 alikamatwa pamoja na wenzake kwa tuhuma za uhaini. Washtakiwa walikuwa 156, wakiwemo Waafrika, Wahindi, Machotara na Wazungu. Serikali iliyotaka kuzitenga rangi ilijikuta imeziweka pamoja katika kizimba kimoja. Luthuli aliachiliwa huru mwishoni mwa mwaka wa 1957, na washtakiwa wa mwisho katika kesi hiyo hawakupatikana na hatia mwezi wa Machi 1961.

Mwaka wa 1959 harakati zilichukua sura ya kususia. Nchini, ANC iliwataka watu wasile viazi, kwa sababu vililimwa katika mashamba ya Bethal ambako wafungwa na vibarua waliteswa. Ng'ambo, Luthuli aliunga mkono wito wa kususia bidhaa za Afrika Kusini. Wito huo ulizinduliwa London tarehe 26 Juni 1959, na miongoni mwa waliouhutubia mkutano wa uzinduzi ni Julius Nyerere wa Tanganyika, ambaye nchi yake ilikuwa bado haijapata uhuru. Luthuli hakuzipuuza athari za ususiaji. Alifahamu kwamba ungewaumiza Waafrika pia, ila aliamini kuwa maumivu ya muda yalikuwa afadhali kuliko mateso yasiyo na kikomo.

Si wote waliomkubali. Baadhi ya wanachama waliona kwamba kushirikiana na watu wa rangi nyingine kulilegeza madai ya Mwafrika, nao mwaka wa 1959 walijitenga na kuunda chama cha Pan Africanist Congress (PAC) chini ya Robert Sobukwe. Kwa upande mwingine, serikali ilimtia katika kizuizi kipya cha miaka mitano mwaka huo huo.

Kipande Motoni

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Sharpeville kupinga pasi. Waafrika 69 waliuawa kwa mujibu wa hesabu rasmi, wengi wao wakipigwa mgongoni. Pasi hiyo ilikuwa sawa na kile ambacho Wakenya wa enzi ya ukoloni walikiita kipande: hati ambayo bila hiyo Mwafrika alikuwa mhalifu katika nchi yake mwenyewe.

Wakati huo Luthuli alikuwa Pretoria akitoa ushahidi katika kesi ya uhaini, akiieleza mahakama kwamba sera ya chama chake ilikuwa kutotumia mabavu. Siku tano baada ya mauaji, aliichukua pasi yake akaichoma moto hadharani, akawaomba wananchi wakae nyumbani tarehe 28 Machi kuomboleza. Tendo hilo dogo la kiberiti na karatasi liliitikiwa kote nchini. Serikali ilijibu kwa kutangaza hali ya hatari, kuwakamata maelfu ya watu na, mwezi wa Aprili, kuipiga ANC marufuku. Luthuli naye alikamatwa, akapigwa na askari jela ilhali afya yake ilikuwa mbovu, na hatimaye akatozwa faini kwa kuichoma pasi.

Oslo na Swali la Silaha

Mwezi wa Oktoba 1961 ilitangazwa kwamba Luthuli ndiye mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1960. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Serikali ilimruhusu shingo upande kusafiri kwa siku chache, na tarehe 10 Desemba alisimama Oslo akiwa amevalia mavazi ya kifahari ya Kizulu na mkufu wa meno ya chui. Mtu aliyevuliwa uchifu katika ofisi ya Pretoria alipokewa kwa taadhima za chifu mbele ya mfalme wa Norway. Sehemu ya fedha za tuzo ilitumika kununua mashamba Swaziland, Eswatini ya leo, kwa ajili ya kuwasaidia wakimbizi.

Tarehe 16 Desemba 1961, siku chache tu baada ya sherehe hizo, milipuko ilisikika katika miji kadhaa ya Afrika Kusini. Kundi la Umkhonto we Sizwe lilikuwa limezaliwa. Hapa ndipo penye fundo gumu zaidi katika maisha yake. Katikati ya mwaka huo viongozi wa chama walikuwa wamekutana faraghani, na Mandela akawashawishi kwamba wakati wa kutumia silaha ulikuwa umewadia. Kwa maelezo ya Mandela, Luthuli alipinga kwa muda mrefu, kisha akaridhia kwa shingo upande kwamba jeshi liundwe likiwa mbali na ANC, huku chama chenyewe kikishikilia sera yake ya zamani. Wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba hakuwahi kuliunga mkono jambo hilo kwa moyo wake.

Lililo bayana ni kwamba yeye mwenyewe hakubadilisha njia. Hali kadhalika, hakuwaruka wenzake. Mandela na wengine walipohukumiwa kifungo cha maisha mnamo Juni 1964, Luthuli alitoa taarifa akisema kuwa hakuna awezaye kuwalaumu mashujaa hao kwa kutafuta haki kwa njia ya nguvu, kwa kuwa wenye mamlaka walikuwa wamezifunga njia nyingine zote. Alitofautisha baina ya kuichagua amani yeye binafsi na kumhukumu aliyekatishwa tamaa nayo. Kufikia hapo, amani kwake haikuwa ukimya. Desemba 1962 alikuwa ametoa wito wa pamoja na Martin Luther King wa Marekani, wakiitaka dunia iiwekee Afrika Kusini vikwazo.

Miaka ya Mwisho na Kifo

Sheria iliyopitishwa mwaka wa 1962 ilifanya iwe kosa kuyachapisha maneno ya mtu aliyewekewa marufuku. Hivyo basi, tawasifu yake ilipotoka mwaka huo ilisomwa ng'ambo ilhali magazeti ya nyumbani hayakuruhusiwa kumnukuu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimchagua kuwa rekta wao, wadhifa ambao hakuruhusiwa kwenda kuuchukua. Mwaka wa 1964 kizuizi kiliongezwa miaka mitano. Mwezi wa Juni 1966 Seneta Robert Kennedy wa Marekani alimtembelea Groutville kwa helikopta, kisha wakaagana, na mzee akarudi katika shamba lake la miwa.

Tarehe 21 Julai 1967 Luthuli alitoka nyumbani kama kawaida yake. Baadaye siku hiyo alipatikana akiwa na majeraha mabaya kwenye daraja la reli la mto Mvoti, naye akafariki hospitalini. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka huo ulidai kwamba aligongwa na garimoshi la mizigo kwa bahati mbaya. Familia yake haikuusadiki uamuzi huo. Nokukhanya aliishi hadi Desemba 1996, akauona uchaguzi huru wa mwaka wa 1994, lakini akafa kabla ya kupata jibu.

Jibu lilipatikana baada ya miaka 58. Uchunguzi ulifunguliwa upya mwaka wa 2025 katika Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, na mwezi wa Oktoba mwaka huo mahakama ikautengua uamuzi wa 1967. Ilibainika kwamba Luthuli hakuuawa na garimoshi. Alikufa kutokana na kipigo kilichompasua fuvu la kichwa, na waliohusishwa na kitendo hicho ni maafisa wa tawi la usalama la polisi wakishirikiana na wafanyakazi wa reli.

Hitimisho

Kwa muda mrefu kifo cha Luthuli kilisimuliwa kama ajali ya mzee asiyesikia wala kuona vyema. Simulizi hiyo ilimdunisha maradufu, kwa kuwa ilimfanya aonekane mtu ambaye utawala wa Makaburu haukuwa na sababu ya kumwogopa. Uamuzi wa 2025 umelisahihisha hilo. Mtu asiye na silaha, asiye na cheo, asiyeruhusiwa kutoka wilayani mwake wala kunukuliwa gazetini, bado alionekana kuwa tishio kwa dola yenye jeshi, polisi na magereza.

Chanzo cha nguvu hizo ni uamuzi wa Novemba 1952. Alipokubali kuupoteza uchifu kuliko kuwageuka waliompa, Luthuli aliinyang'anya serikali silaha yake kubwa, yaani uwezo wa kumtisha mtu kwa kile anachoogopa kupokonywa. Tangu siku hiyo hakikusalia cha kumnyima ila uhai, na huo nao ukachukuliwa. Jina limebaki. Liko katika vitabu vya historia, liko Groutville, na liko katika ile barabara ya Nairobi ambako redio hulia kuanzia asubuhi hadi jioni, zikisema bila kizuizi katika mtaa wenye jina la mtu aliyenyimwa sauti.